Hapo Hapo, Usisogee

Juzi niliona antena kuukuu kwenye balkoni ya jirani, nikakumbuka alasiri moja kule Flemingdon Park, mtaa wa ughaibuni tulikohamia, matangazo ya televisheni yalipohamia dijitali. Taarifa ya habari ilionyesha soko alilouzia bibi yangu, kule nchini kwetu, likiteketea.

Nilizungusha antena balkoni huku baba akitazama picha, kama tulivyozoea kwetu. Lakini king'amuzi kipya kilichelewa kuonyesha picha baada ya antena kugeuka. Kila aliposema, "Hapo hapo, usisogee," picha ilikuwa imeshakatika, na kupitia kioo cha mlango niliona nyuso za watu wa sokoni zikivunjika vipande vipande. Vitunguu viliungua jikoni, hakuna aliyeinuka.

Leo najua mawimbi yalikuwa hafifu tu. Siku ile nilidhani ninawavunja mimi.

Habari zilipokwisha, mama aliniambia taratibu, "Achia sasa, mwanangu."

Sikuachia. Bibi alikuwa hajaonekana bado.