Michai Saba ya Mzee Nicholas

Mzee Nicholas wa Chepilat hakuweza kuona ardhi imelala bure. Hata mfuniko wa tangi la choo aliufukia udongo na kupanda michai saba juu yake, ingawa Kepher, fundi aliyelijenga tangi mwaka 1991, alimwonya: “Mzee, hapa usipande kitu. Kila miaka mitatu tunafungua, tunanyonya.”

Michai ile ilinawiri, tena bila haya. Kwenye kituo cha kuuzia majani, Nicholas alijisifu kwamba siri ni mkono wake. Miaka sita ikapita, tangi halijafunguliwa.

Jumamosi ya koito, sherehe ya kupatana mahari, wazee wa upande wa mvulana walipokuwa njiani kuja kumposa binti yake Chepngeno, choo kilianza kukoroma. Mama Rodah, mkewe, alivuta maji. Badala ya kushuka, yakapanda. Kepher aliitwa mbio, akaja na lori la kunyonya.

“Mfuniko iko wapi, mzee? Umepanda kila mahali, sitambui tena.”

“Nadhani kwa kabeji.”

Kepher akachimba kwenye kabeji. Hakuna. Akapelekwa kwenye mahindi, kisha nyuma ya zizi. Kote huko Nicholas alikuwa anakuna kichwa, huku macho yake yakiiepuka michai kama mtu anayemkwepa mdai.

“Baba Chepngeno,” Rodah akasema, “wewe unajua.”

“Nimesahau, mama.”

Chepngeno akatoka jikoni, machozi yanamlengalenga. “Baba, wakipata choo hivi watarudi kwao. Unataka niolewe na hiyo majani?”

Swali hilo lilimchoma. Alimpenda binti yake, na michai aliipenda pia, ila mpaka siku ile hakuna aliyewahi kumwambia achague. Akavua koti la suti, akashika jembe, akaing’oa michai mmoja mmoja, akiiomba msamaha kwa Kipsigis. Mfuniko ukaonekana. Ukafunguliwa. Hata ng’ombe waligeuza vichwa.

Wageni wakaingia langoni wakati huohuo, suti na kofia, wakakuta bomba limelala uani likinguruma na mwenye boma amekumbatia mchai wenye mizizi. Chepngeno alijifunika uso kwa leso.

Mzee Mathew, baba ya mvulana, akasogea, akachungulia shimo, akaitazama michai. Akakohoa.

“Hii lori inaweza fika kwetu Sigor?”

“Inafika,” Kepher akasema.

“Yangu nilipandia ndizi.” Mzee Mathew akashusha sauti ili mkewe asisikie. “Lakini wacha nikuambie, Nicholas. Hiyo ndizi! Mkungu moja, watu wawili wanabeba!”

Nicholas akauweka mchai chini, akajipangusa mkono kwenye suruali, akamshika mkono. Rodah alipokuja kuwaita kwenye mazungumzo, aliwakuta bado wameinama juu ya shimo, na habari ya ng’ombe wa mahari walikuwa wameshaimaliza wenyewe.