Mwalimu Nukta na Mshangao wa Binti Yake

Wanafunzi walimbandika dada yangu jina la Mwalimu Nukta, nalo likamkaa. Amestaafu, lakini kufundisha Kiingereza hakujamtoka. Akiona kosa kwenye kibao cha duka, mwenye duka atajuta kufungua siku hiyo. Mimi ni fundi cherehani, Kiingereza changu cha kuokoteza, kwa hiyo kwake naingia kwa adabu.

Binti yake wa pekee ni muuguzi ughaibuni. Tangu utotoni alizoeshwa kumwandikia mama yake kwa Kiingereza. Ujumbe ukiingia kwenye simu, dada huunakili kwenye karatasi, huutia wino mwekundu, huupiga picha na kuurudisha. Ndivyo anavyopenda, masikini. Hajui njia nyingine.

Siku moja nilimkuta mezani, karatasi mbele yake. Binti alikuwa ameandika kwamba yuko "very amazed". Dada akanieleza kuwa "amazed" ni mshangao uliokwisha kujaa; kuutilia "very" ni kumimina chai kwenye kikombe kinachofurika. Alikuwa ameshamrudishia.

"Haya, na anashangaa nini?" nikamuuliza.

Akavaa miwani, akasoma upya. Binti alikuwa mjamzito, na hospitali walimwonyesha mtoto kwenye skrini, akipunga kimkono.

"Dada, kwani hukuusoma?"

"Niliusahihisha," akasema.

Tangu hapo simu yake ikanyamaza. Mtoto alizaliwa, wa kike, na habari ikapitia kwangu. Dada alifua mapazia, akayafua tena. Akakonda. Alimtamani yule mjukuu mpaka akawa anakuja kibandani kwangu kuomba picha, akiitazama kidogo anageukia ukutani.

"Mpigie mwanao," nikamwambia. "Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kiu si bado unayo?"

"Nitalia."

"Si ulie! Machozi nayo yana makosa?"

Akapiga. Binti akapokea. Dada akaweka sauti ya nje, akavua miwani, akaivaa tena. Nilitaka kumnyang'anya simu, nikajizuia. Mwishowe akasema, kwa Kiswahili kile cha jikoni alichokuwa akimkataza:

"Mwanangu, nina hamu na wewe mpaka naumwa."

Kichanga kikalia kwa mbali, kikabembelezwa, kikatulia.

"Sema tena, Mama," binti akasema.