Adhabu ya Kupanda Mti

Ijumaa jioni, kwa muuza miche kwenye njia ya Ediofe, mama mmoja alinunua mche wa mvule akampa bintiye, msichana wa sekondari, aubebe. Binti akaficha mikono nyuma ya sketi ya shule.

"Mama, mimi nimefanya makosa gani?"

"Makosa iko wapi? Tunaenda kupanda nyumbani."

"Kwa shule yetu, mutu akichelewa ndiyo anapanda muti. Mimi sijachelewa hata siku moja!"

Muuzaji alicheka mpaka akaketi. Mama hakucheka, alibaki na mche wake mkononi.

Mwalimu anayetoa adhabu hiyo simlaumu. Miche inataka mikono, na wachelewaji hawakosekani. Ila ninavyoijua shule, zawadi ya somo la mazingira atapewa mwanafunzi asiyechelewa, yaani yule ambaye hajawahi kupanda hata mti mmoja.