Pima ya Kijakazi

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Kijakazi hukaa kizingitini akajipaka mafuta ya nazi bega la kulia, kisha hunyoosha mikono yote miwili kama anayepima hewa. Bega hilo aliliangukia shambani, miaka miwili nyuma.

Mikono ile ndiyo iliyokuwa pima ya kikundi cha wasuka mikeka wa Miburani. Ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, pima moja. Ukili, ule msuko mrefu wa miyaa, ukifika pima ishirini hushonwa kuwa mkeka mmoja. Kila mwanamke alikuwa na mikono yake, mirefu na mifupi, lakini ukili haukushonwa mpaka upite kwa Kijakazi. Ndiyo maana mikeka yao ilitoka sawa.

Jumamosi moja Devotha, bibi maendeleo, alikuja barazani kwao na oda ya nyumba ya wageni wanaokuja kutazama hifadhi ya bahari. Walitaka mikeka kumi ya mita mbili.

"Shikamoo, Bi Kijakazi. Leo tunatumia futi."

"Marahaba. Futi, kisha wataka mita? Chagua moja, mwanangu."

Wanawake wakacheka. Devotha naye akacheka, akasema futi ni jina tu la ule utepe, mita zimo humo humo. Akamwomba anyooshe mikono, akasoma: sentimita mia na arobaini na nane. Akafungua daftari lake.

"Mbona mlipoandikisha kikundi niliandika pima yako mia na sitini na tatu?"

Safia, mmoja wa wasukaji, peke yake ndiye aliyecheka. "Futi yako imelegea, dada. Ianike juani."

Kijakazi akavuta ukili wa Mize, mtoto wa kaka yake, ule aliompimia mwenyewe jana yake, pima ishirini. Akaupima upya kwa mikono, taratibu. Ukafika ishirini na mbili.

"Hizi mbili za nani?"

"Niliongeza, shangazi."

"Tangu lini?"

Mize akaangalia miguu yake. "Tangu uanguke. Sote tunaongeza. Mikeka ilikuwa inatoka mifupi."

"Mkaninyamazia."

"Tulisema bega litapona," Safia akasema.

Kijakazi akaukunja ule ukili vizuri, akamrudishia Mize.

"Haya. Pimeni kwa futi. Yenyewe haikunionea haya."

Akavaa kandambili zake, akajitanda kanga, akatoka. Devotha alimwita mara mbili. Jumamosi iliyofuata Kijakazi hakuja barazani, wala nyingine zilizofuata.