Nani Alikuwa Ameshika Rimoti

Mume wangu ni fundi wa simu pale Kisegi, na ile ndege ndogo ya rimoti aliiunda mwenyewe kwa povu gumu la kufungashia televisheni, mota ndogo na betri. Iliruka kweli. Nilimwambia, baba watoto, mtu mzima haendi ukweni na kitu cha kuchezea. Akacheka. Mkaidi yule, akipenda kitu masikio yanaziba.

Ukweni kwake ndiko kwetu Sori. Siku hiyo mama alikuwa ameenda sokoni kuuza omena, dagaa wa ziwani, kwa hivyo bwana akajiachia. Akavua shati kwa sababu ya joto, akasimama kifua wazi akirusha ndege yake, huku kaka yangu akimsumbua apewe naye ajaribu.

"Hii si gemu ya simu, shemeji," mume wangu alimwambia.

Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mboga, nikiwacheka wote wawili. Halafu mama akatokea kwenye njia, mapema kuliko tulivyomtarajia.

Kwetu Wajaluo, mwanamume na maro wake, yaani mama mkwe, hawakutani ovyo. Akimwona njiani anampisha. Sembuse akiwa hana shati. Mume wangu alimsukumia kaka yangu rimoti, akasema "Shika," akakimbilia nyuma ya ua. Kaka yangu akashika. Ndege ikapanda, ikayumba, kisha ikashuka chini chini kuelekea njiani. Pangaboi lake likampiga mama kwenye jicho la kulia.

Hospitalini Homa Bay walijaribu walivyoweza, lakini jicho lilikuwa limeshakwenda.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mume wangu alisema ndege ni yake, sawa, lakini si yeye aliyekuwa akiiendesha. Kaka yangu akasema yeye alitupiwa tu, angefanyaje? Ati angefanyaje, na tangu asubuhi alikuwa akiiomba. Mimi nikabaki katikati. Huyu ni baba wa watoto wangu, yule tumenyonya titi moja. Niliwachukia wote wawili kwa zamu, na nikawalilia wote wawili.

Mjomba wetu hapendi mambo nusu nusu. Alitupeleka kwa wakili Homa Bay, na wakili akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema anayeshika rimoti ndiye rubani, na atahesabiwa kama rubani. Lakini mwenye ndege akimwachia mtu asiyejua, tena ikiwa hewani, naye hawezi kunawa mikono akaenda zake.

"Huenda wakawajibika wote wawili," alisema. "Ninyi wengine kila mmoja ana wake wa kumlinda, kwa hivyo inategemea mama aliona nini. Na msimfundishe la kusema."

Basi nyumba nzima ikafunga mdomo mbele ya mama. Nilimsafisha kidonda na kumbadilishia bandeji huku nikimpigia hadithi za sokoni. Yeye hakuuliza kitu. Mume wangu na kaka yangu walikuwa hawasalimiani tena.

Mjomba akampeleka mama kituo cha polisi kuandikisha maelezo, nami nikafuatana nao. Askari alimuuliza kwa upole, "Mama, nani alikuwa anaendesha hiyo ndege?"

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Akimtaja mume wangu, ndoa yangu itakwisha, kwa sababu mjomba alishaapa kunirudisha nyumbani. Akimtaja kaka yangu, atakuwa amempeleka kortini mwanawe wa pekee wa kiume.

"Sikuona," mama akasema. "Niliona mkwe wangu hana shati, nikageuza uso. Ningemwangalia namna gani?"

"Na ndege?"

"Nilisikia mlio tu. Sikuinua macho mpaka iliponipiga."

Watu husema heshima si utumwa. Siku hiyo maneno hayo yalinichoma. Mwanamke asiye na adabu angeitazama ile ndege ikija, angeinama, na saa hii angekuwa sokoni anapimia watu omena.

Mjomba alitangulia kutoka kwa hasira. Mimi nilimshika mama mkono upande usioona, tukashuka ngazi polepole. Moyo ulikuwa umenijaa, nikashindwa kunyamaza.

"Mama, mimi nilikuwa mlangoni. Ukitaka nitakwambia alikuwa nani."

Akasimama.

"Usiniambie, mwanangu. Nimebaki na jicho moja. Sitaki kumtazama mtoto wangu vibaya nalo."