Katekista Tuliyemlisha

Ukishuka Mchombe kwenye basi la Mlimba ukauliza mashine ya Mama Levina, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuelekeza. Mashine za kukoboa mpunga ziko nyingine tatu, lakini wakulima hupanga foleni kwake kwa sababu hapunji mchele wa mtu, na kwa sababu ukikaa pale nusu saa utaondoka na habari zote za bonde. Ni mama wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Hata kanisani huongea kwa sauti hiyohiyo. Mimi nilikuwa katibu wa kigango chetu, kanisa dogo chini ya parokia, miaka yote hiyo ninayoieleza, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe, na mengine nilimuuliza akanijibu huku anashona midomo ya magunia.

Habari yenyewe ilianza na msiba. Mumewe, Alfonsi, alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekata barabara. Padri wetu anakaa parokiani na ana vigango kumi na viwili. Siku hiyo gari lake lilikwama kwenye tope akashindwa kufika. Katekista wetu, mzee Sebastiani, alikuwa ameshapoteza macho na hakuweza tena kusoma kitabu cha ibada. Tulisimama kaburini, watu zaidi ya mia, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Mwishowe mjane mwenyewe ndiye aliyeanzisha rozari. Akaisali mpaka mwisho bila sauti kukatika. Baadaye aliniambia kwamba hakulia siku ile kwa sababu alikuwa na hasira.

"Siyo na padri," alisema. "Padri ni mmoja, atafika wapi na wapi? Hasira ilikuwa na sisi wenyewe. Kigango kizima hiki, hatuna hata mtu mmoja aliyefundishwa kumzika mwenzake?"

Arobaini ilipopita alikuja kwenye kikao cha halmashauri ya kigango akasema tupeleke mtu chuo cha makatekista. Wote tulikubali, kama tulivyokuwa tumekubali miaka mingine na tusifanye kitu. Masomo ni miaka miwili, mwanafunzi anakaa hukohuko. Jimbo hubeba sehemu ya ada, inayobaki ni ya kigango. Mtu aliyefaa tulimjua: Ponsiano, mwalimu wa kwaya, miaka thelathini na minne, ambaye akisoma somo la Jumapili hata watoto hutulia. Lakini Ponsiano alikuwa na mke, Brigitha, na watoto watatu, na shamba lao lilikuwa la kukodi.

Tulimwita. Alisimama mbele yetu, kofia mkononi.

"Wazazi wangu, nashukuru," alisema. "Ila mkinilipia ada mtakuwa mmenisaidia mimi peke yangu. Brigitha na watoto nani atawalimia?"

Mwenyekiti wetu, mzee Kasmiri, akasema tutapitisha kapu Jumapili. Levina akasimama.

"Kapu tulilipitisha kwa ajili ya kengele, mwenyekiti, na kengele yetu mpaka leo ni rimu ya gari. Watu hapa hawana hela mpaka wavune. Mpunga ndio wanao, na mwingi unapita kwangu. Kila gunia nitakalokoboa, mwenye mpunga atoe kopo moja la mchele, na mimi nitaweka la kwangu juu yake. Asiyetaka asitoe, sitamuuliza. Na shamba la Brigitha, kila jumuiya ichukue Jumamosi yake. Mimi naanza na jumuiya yangu."

Ikawa hivyo. Ponsiano aliondoka mwezi wa kwanza na begi moja na godoro. Jumamosi ya kwanza tulikwenda shambani watu wachache, ya pili wakaongezeka, na kufikia palizi walikuwa wanakuja mpaka wale ambao kanisani huwaoni ila Krismasi.

Aliyepata shida ni Brigitha. Siku moja alimfuata Levina pale mashineni, akamsubiri azime injini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

"Mama, nimechoka kuitwa mke wa kusaidiwa. Kisimani wananiuliza leo nani anakuja kunilimia."

Levina alijifuta pumba usoni kwa kanga. "Nani kakusaidia? Mumeo yuko kazini. Tumemtuma sisi, na hii ndiyo posho yake. Wakikuuliza tena, waambie waje kwangu wanione." Kisha akamwambia aje kila siku apepete mchele wa wateja kwa malipo kama wengine. Brigitha alikuja kesho yake, na akawa fundi wa kazi hiyo kuliko waliomtangulia.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili mto ulitoka kwenye njia yake. Maji yalikaa mashambani wiki nyingi, mpunga ukaoza ukiwa unaanza kuchanua, na nyumba za udongo upande wa chini zikaanguka. Mashine ya Levina ilinyamaza. Kopo lilining'inia kwenye msumari, na chuoni ada ya muhula ilikuwa inasubiriwa.

Ponsiano alipiga simu. Mimi nilikuwepo, Levina akaweka spika.

"Mama, nimeamua nirudi nyumbani. Siwezi kula ugali wa chuo wakati huko mnalala njaa."

"Ukirudi utaondoa maji?"

"Hapana, mama."

"Ukirudi kutakuwa na mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Kaa hapo usome. Yaliyobaki hayakuhusu mpaka umalize." Akakata simu. Nilimuuliza kama ana mpango wowote. Akasema hana, ila kesho atakuwa nao.

Mpango ulitoka kwenye tope lenyewe. Maji yalipopungua yaliacha udongo mweusi, laini, wenye unyevu wa kutosha miezi miwili. Levina alisema pale tutapanda matikiti maji. Mbegu hatukuwa nazo. Akampigia mpwa wake Faustin, anayekata miwa huko Kidatu, akamwambia awatafute vijana wote wa kwetu walioko kwenye mashamba ya miwa. Walichanga. Kati ya waliochanga walikuwepo wawili Waislamu wanaoishi na Faustin chumba kimoja. Walisema rafiki yao akiwa na jambo, nao wana jambo. Mbegu zikaja na basi, zimefungwa ndani ya gazeti.

Tulipanda kwenye shamba la Brigitha na kwenye kiwanja cha kanisa. Nyani walitusumbua, tukawa tunalinda kwa zamu. Mwezi wa nane magari yalikuja kutoka Ifakara kubeba matikiti yakiwa bado na tope, na muhula wa mwisho wa Ponsiano ukalipwa wote, na mbegu za mpunga kwa ajili ya watu wa bondeni zikapatikana humohumo.

Alimaliza vizuri. Tulishona vitenge vya sare kwa ajili ya kumpokea. Ndipo padri akaja Jumapili na barua. Ponsiano alikuwa amepangwa kwenye kigango kipya ng'ambo ya Mlimba, mahali ambapo familia nyingi zimehamia na hakuna katekista.

Kanisa lote lilinuna. Baada ya misa mzee Kasmiri alisema wazi: "Tumemlisha sisi, wanafaidi wengine. Hilo kopo lisimame." Wengi walimwunga mkono, na mimi nilikuwa mmoja wao. Levina aliondoka kabla hatujamaliza. Hilo tu lilitushangaza.

Kesho yake alifunga mashine, siku ya kazi, akapanda basi mpaka parokiani.

"Padri, Tumsifu Yesu Kristo. Nimekuja kulalamika."

"Milele amina. Kaa, mama, ulalamike."

Alilalamika mpaka akaishiwa. Padri hakumkatiza. Kisha akamweleza kwamba kule ng'ambo ya Mlimba, mwaka wa mafuriko, walizika watu wanne bila sala yoyote, wawili kati yao watoto, kwa sababu hakuna aliyejua hata pa kuanzia. Levina aliniambia kwamba hapo alilia, machozi ambayo hakuyatoa kwa Alfonsi. Alilia ofisini kwa padri mpaka mhudumu akamletea chai.

Jumapili iliyofuata aliomba kuongea. Alitueleza habari za wale wanne.

"Mimi nilitaka mtu wa kuzika watu wangu," alisema. "Nilifikiri ni sisi tu tuliokuwa hatuna. Ponsiano abaki huko. Brigitha anafunga mizigo, na nimeshamwambia aende na ungo wangu mzuri. Sisi tupeleke mwingine. Nimeshaongea na Oliva."

Oliva ni fundi cherehani, miaka ishirini na sita, msomaji mzuri na asiyeogopa mtu. Minong'ono ikaanza. Mzee Kasmiri akauliza kama mwanamke ataweza kusimama makaburini.

"Mume wangu alizikwa na nani, mwenyekiti?" Levina aliuliza, bila ukali.

Mzee Kasmiri akacheka kidogo, akasema basi jumuiya yake itachukua Jumamosi ya kwanza. Ilibidi akumbushwe kwamba Oliva hana shamba. Jumuiya yake ikapewa kazi ya kumtunza mama wa Oliva, aliyekuwa anabaki peke yake.

Oliva sasa yuko mwaka wa pili. Mchele unatoka, na mwaka huu mkulima mmoja Mlutheri alimuuliza Levina kama naye anaweza kutoa kopo. Levina alimwambia anaweza, lakini amuulize kwanza mchungaji wake, maana alisikia nao wana kijana anayesomea uchungaji huko mbali na huenda anakula vibaya. Sasa makopo ni mawili, la kwetu na la Walutheri, yako msumari mmoja.

Pasaka iliyopita Levina alikwenda ng'ambo ya Mlimba kwa basi, halafu kwa bodaboda. Hakuwa amemwambia mtu. Kanisa ni la miti na turubai, akakaa nyuma kabisa. Ponsiano aliongoza ibada yote mwenyewe, na Brigitha alikuwa mbele na waimbaji. Mama mmoja aliyekaa pembeni yake, mgongoni ana mtoto, alimwinamia akamnong'oneza kwamba katekista wao ni mzuri sana, sijui wamemtoa wapi.

"Mchombe," Levina alimjibu, kwa ile sauti yake, na waliokaa mbele wakageuka.