Gari Lisilobeba Gunia

Kwa miaka mingi sikuwahi kuendesha kitu kisichokuwa na mzigo. Tajiri wangu, mfanyabiashara Mwislamu mwenye duka na malori pale Sumbawanga mjini, aliniweka kwenye lori nikiwa kijana, niliendeshe na nilitengeneze, na kila safari yangu iliitwa kwa jina la kilichopakiwa: safari ya mahindi, safari ya ulezi, safari ya dagaa wa Kirando. Tukirudi tupu, tulipakia kuni njiani ili tusiwe tupu. Mwingereza alikuwa bado yuko bomani wakati huo, na katika wilaya nzima nililijua gari moja tu ambalo halikuwa na kazi.

Lilikuwa gari dogo la mbio, la wazi, rangi ya kijani, lenye viti viwili na boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Mwenyewe alikuwa ofisa kijana wa boma. Jioni alilitoa, akaenda nalo mpaka Kasense, akageuza, akarudi. Mimi nakaa Kasense, kwa hiyo nilimwona mara nyingi. Siku moja nilimuuliza mpishi wake bwana huwa anafuata nini kule kwetu.

"Hafuati kitu," akanijibu. "Anatembea."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Watu wa kwetu tuliendesha, tulisukuma, tulipakia, tulishusha. Kutembea kwa gari lilikuwa jambo la mtu mwingine.

Barabara zetu zililishinda gari lile. Springi ya mbele ilivunjika, injini ikachemka mpaka gasketi ya silinda hedi ikaungua, na ofisa alipohamishwa alimwachia tajiri mabaki, akaondoka ndani ya lori letu, amekaa karibu yangu. Tajiri akalisukumiza nyuma ya ghala. Nilipomwomba anipe, alinijibu mbele ya wateja wote waliokuwa dukani.

"Chukua, fundi. Utafugia kuku."

Wakacheka. Mimi nikalichukua.

Nilikuwa bado nafungua boliti za kwanza wakati mashine ya kusaga ya tajiri, iliyoko Kasense, ilipovunjika krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Injini yake ikawa chuma cha kutupa. Tajiri akaja nyuma ya ghala, akasimama, akaliangalia gari langu kwa macho mapya.

"Fundi, ile zawadi nimeifikiria tena."

"Tajiri, zawadi haifikiriwi tena."

"Mafundi wa mashine watakuja kutoka Mbeya baada ya mavuno. Watang'oa injini hii waifunge mashineni. Wewe baki na bodi. Kuku hawahitaji injini."

Nilimweleza taratibu, kama ninavyoeleza mambo siku zote. Injini ya gari la mbio hupata nguvu kwa kuzunguka haraka. Mashine ya kusaga inataka injini ya mwendo wa pole inayovumilia uzito. Injini ya namna hiyo tunayo palepale uani, katika lori lililokatika chesisi. Ifungwe hiyo.

"Lile lori litarudi barabarani."

"Tajiri, limekatika vipande viwili."

"Lori ni mali. Hiki ni kitu cha kuchezea. Na injini ni injini."

"Basi sitoi," nikasema.

Wapakiaji waliokuwa uani wakageuka kutuangalia. Tajiri hakuwa mtu mbaya, ila hakuzoea kuambiwa hivyo uani kwake, na mimi sikuzoea kusema hivyo. Hakuna kati yetu aliyeweza kurudi nyuma mbele ya watu. Mwishowe akaweka sharti: gari liende Mpui na kurudi siku moja, kwa nguvu zake lenyewe, kabla mafundi wa Mbeya hawajaanza kazi. Likifanya hivyo ni langu, na mashine itafungwa injini ya lori. Likishindwa, injini inang'olewa na asisikie neno kutoka kwangu.

Nyumbani nilikuta upinzani mkali zaidi.

"Baba watoto, mikono hii unaiona?" mke wangu alinionyesha viganja. "Tangu mashine ife tunasaga ulezi kwa mawe kama bibi zetu. Na wewe unalipaka gari mafuta."

"Injini ile haiwezi mashine."

"Umeijaribu?"

"Sihitaji kuijaribu."

"Basi na mimi sihitaji kupika. Wewe kaa ujue tu kwamba umeshiba."

Kuhusu injini nilijua nina haki. Kuhusu viganja vyake sikuwa na uhakika, na niliendelea na kazi hivyohivyo, nikiwa na uhakika wa upande mmoja.

Nilianza na injini. Katika mfuko wa mlango mlikuwa na kitabu cha Kiingereza cha gari lenyewe, nami nilikuwa na kamusi niliyoinunua misheni. Kitabu kilitaka silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ipimwe kama imepinda, iwekwe juu ya kitu kilichonyooka kabisa. Katika Sumbawanga yote kitu kilichonyooka kabisa kilikuwa kioo kinene cha kabati la dukani, ambamo tajiri aliweka manukato na saa.

"Kioo cha nini?" akauliza.

"Cha kupimia."

"Gari halina hata dirisha, linataka kioo!"

Lakini alinipa. Alipenda kuona mchezo unaendelea, maadamu aliamini atashinda. Nilipaka kioo masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta, nikaiweka hedi juu yake, nikaisogeza kidogo, nikaiinua. Palipoinuka palikuwa peusi, palipobonyea palibaki safi. Nikaparua peusi, nikarudia, nikaparua tena, mpaka weusi ukaenea kote. Gasketi ya pili ilikuwamo katika sanduku la vifaa, ya shaba nyekundu, lakini ilikuwa imekakamaa. Niliipasha moto mpaka ikaiva, nikaitumbukiza majini. Chuma ukikifanyia hivyo huwa kigumu, shaba hulainika. Jambo hilo nililisoma kwanza, nikalijaribu, ndipo nikaliamini.

Kabureta zilikuwa mbili, nazo lazima zivute hewa sawasawa. Nilishika kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nikasikiliza mvumo wa moja, kisha wa pili, nikakaza skrubu na kulegeza mpaka sikuweza kuzitofautisha. Tajiri alinikuta katika hali hiyo.

"Kabureta mbili! Gari la watu wawili, kila mtu na yake?"

"Ndiyo, tajiri. Hawagombani."

Injini ikawaka, ikanguruma vizuri. Ilibaki springi, na hapo ndipo nilipokosea.

Mimi ni mtu wa malori. Sisi watu wa malori tuna imani moja ambayo hakuna aliyetufundisha: chuma kinene ni kizuri, chuma chembamba ni umaskini. Mabamba ya springi ya gari lile yalikuwa membamba kama rula. Niliyaona, nikayadharau. Nikachukua mabamba ya lile lori bovu, nikayakata kwa urefu, nikayafunga mbele pande zote mbili, nikasema sasa gari limepata miguu ya barabara za kwetu Ufipa. Kila dereva aliyepita alikubali. Mmoja aliipiga springi teke, akasema, "Hii hata ukipakia magunia kumi!"

Nilipaswa kumsikiliza vizuri. Ilikuwa springi ya magunia kumi, na gari halikuwa na gunia hata moja.

Safari ya kwanza ilikwisha kabla sijaipita Kasense sawasawa. Gari halikwenda, liliruka kama beberu. Springi ilikataa kupinda, kwa hiyo kila shimo lilikwenda moja kwa moja kwenye bodi, mpaka kikono kinachoshika springi kikachanika. Nilirudi mjini ninavutwa na ng'ombe wawili wa jirani yangu. Tajiri alikuwa barazani.

"Nilisema kwa nguvu zake, fundi. Sikusema nguvu za ng'ombe."

Nyumbani mke wangu aliendelea kusaga, jiwe juu ya jiwe.

Kikono nilikiunga kwa bati nene na ribiti. Springi ya kiwandani ingetoka Dar es Salaam, kwa reli na kwa lori, na mafundi wa Mbeya wangekuwa wamekwisha ing'oa injini. Nilichukua bamba moja zima jembamba, vipande vya lile lililovunjika na bamba moja la lori, nikaenda kwa mhunzi mmoja nje ya Kasense. Katika ujana wake wazee wetu walikuwa bado wanayeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu kuliko nyumba. Siku hizi alifua majembe kutokana na springi za malori.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeleta springi nikufulie jembe?"

"Nimeleta springi unifulie springi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wote wanaleta springi wapate jembe. Wewe huna shamba?"

"Ninalo. Sasa nataka na hiki."

Kwake kulikuwa na desturi mbili. Mwenye chuma ndiye anayevukuta mivukuto, na mwenye chuma hasemi neno mpaka kazi imalizike. Alisema aliyekaa pembeni ndiye hulaumu, na anayesema humwingizia mhunzi maneno mkononi. Nikavukuta. Akachukua bamba la lori, akalifua jembamba, akilipima kila mara na lile nililoleta, mpaka yakafanana. Nilipoona analipeleka kwenye mtungi wa maji, nilijua kitakachofuata. Bamba jembamba kiasi kile, likizimwa kwa maji kama jembe, lingekatika kama biskuti. Nami sikuruhusiwa kusema. Niliachia mivukuto, nikainua debe la mafuta machafu ya injini nililokuja nalo, nikalisimamisha mbele ya mtungi.

Aliliangalia debe, akaniangalia mimi. Chuma kilikuwa kinapoa mkononi mwake.

"Hata bubu huyu ana maneno," akasema, akalitumbukiza kwenye mafuta. Moshi ukajaa kibandani. Kisha bila kuambiwa na mtu akalipasha tena kidogo kidogo, mpaka rangi ya buluu ikatambaa juu yake, akaliacha lipoe. Akaliweka juu ya mawe mawili, akasimama katikati. Likainama, likamrudisha.

"Sema sasa," akaniambia.

"Asante, baba."

"Ndiyo hayo tu? Nilidhani umejaa maneno."

Nililifunga bamba lile pamoja na yale membamba ya mwanzo, nikaondoa yote ya lori. Asubuhi ya safari ya pili mke wangu alitoka amevaa kitenge chake kizuri.

"Nakuja."

"Kufanya nini?"

"Likikwama, nataka nilione likikwama."

Mkononi alikuwa na kifuko cha unga wa ulezi cha kumpelekea mama yangu kule Mpui, kwa kuwa huendi kwa mama mkwe mikono mitupu. Nilimwambia ninachokiamini: gari hili halibebi mzigo. Akaingia, akakiweka mapajani.

"Gari halibebi. Nabeba mimi."

Tulipofika dukani ili safari ihesabiwe kuanzia pale, tajiri akatusimamisha. Alikuwa na robota la vitambaa. "Kwa kuwa unakwenda Mpui, lishushe kwenye duka letu kule."

"Hapana, tajiri."

"Unanikatalia mimi?"

"Gari hili halibebi."

"Mbona unga umo?"

"Unga umebebwa na mama watoto."

Wapakiaji wakaangalia chini ili wasionekane wanacheka. Tajiri akabaki na robota lake kifuani. Nikaondoa gari.

Springi zilifanya kazi yake, nayo ni kukubali. Shimo lilikuja, zikainama, tukapita. Upepo wa kipupwe ulitupiga usoni, machozi yakatutoka, na kila penye kilima nilisimama nikashika kikono cha springi kwa mkono. Kilikuwa kimetulia. Mpui watu wakatuzunguka.

"Mmekuja kuchukua mahindi?"

"Hapana."

"Mmeleta nini, basi?"

"Hatukuleta kitu. Tunatembea."

Mama aliusugua ule unga kwa vidole. "Huu umesagwa kwa mawe," akasema.

"Ndiyo, mama," mke wangu akajibu, akaniangalia mimi. "Mpaka leo."

Tuliporudi mjini jua lilikuwa bado liko juu ya paa za bati. Lori la mafundi wa Mbeya lilikuwa limesimama mbele ya duka, na wao wenyewe wanakunywa chai barazani, mifuko ya spana miguuni. Tajiri akashuka, akalizunguka gari mara moja, akainama kuangalia springi. Akasimama wima, akawaambia mafundi bila kuniangalia, "Lori lililokatika liko nyuma ya ghala. Ng'oeni injini ile."

Kisha akanigeukia. "Na kioo changu nakitaka."

"Kesho, tajiri."

"Kwa nini si sasa? Unakwenda wapi?"

Sikuzima injini. Mke wangu alijifunga kitenge kichwani, akakaa sawa. Tukashuka mpaka Kasense, tukaipita mashine iliyokuwa kimya, tukaipita nyumba yetu, tukageuza pale alipokuwa akigeuza yule ofisa, na hatukuteremka.